Reli kwenye picha za kale za Mombasa: ni toroli au reli ya Uganda?

mpangapicha
Wakuu, napanga picha za usafiri wa Mombasa kabla ya magari. Nyingi zina reli katikati ya njia, nyuma pameandikwa "reli, Mombasa" basi, mwaka hamna. Nitajuaje hii ni ya toroli (vigari vya kusukumwa na watu) na ile ni reli ya Uganda, ya treni za kwenda bara?

reli_mbili
Anza na upana wa njia. Ya toroli ilikuwa futi 2 (milimita 610), reli ya Uganda mita 1. Tafuta picha iliyopigwa kufuata urefu wa njia, halafu mtu aliyesimama wima kando ya reli. Pima kimo chake, kisha nafasi kati ya reli mbili pale pale usawa wa miguu yake. Ikitoka theluthi ya kimo na ushei, ni toroli. Ikizidi nusu, ni reli ya Uganda. Ukipima reli za mbele na mtu yuko nyuma, jibu litakudanganya. Picha za ubavuni usizipime kabisa, upana hubanwa.

Toroli lenyewe halikupi taabu: jukwaa dogo la magurudumu manne, kiti, kitambaa cha kivuli juu, na watu wawili wanasukuma kwa nyuma. Njia ilitoka Mji wa Kale hadi Kilindini, na vitawi viliingia mpaka milangoni pa maofisa. Njia ni moja, kwa hiyo wakikutana, toroli moja huinuliwa na kuwekwa pembeni. Picha ya toroli lililo nje ya reli usiiandikie "ajali"!

bandari_ya_kale
Kwenye miaka, angalia hapa. 1896 ndio mwaka ilipoanza kutandazwa reli ya Uganda, ila watu wanaibandika kila picha. Reli nyembamba zimeitangulia: kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) ilitandaza kama kilomita 11 upande wa bara mwaka 1890, mradi ukakwama, vyuma vikaja kutumika kisiwani kwa toroli. Zilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, magari yalipozidi. Kwa hiyo picha ya toroli ukiiandika "1890 hadi 1923 hivi" hujakosea sana. Mwaka kamili utafute kwenye muhuri wa posta.

mpangapicha
Shukrani. Ipo moja ina injini ya moshi inapita kichochoroni, karibu iguse kuta za maduka.

reli_mbili
Hiyo itoe kwenye fungu la Mombasa. Karibu hakika ni reli ya Bububu, Unguja, iliyofunguliwa 1905: futi 3, ikipita katikati ya mji. Toroli za Mombasa hazikuwa na injini.

bandari_ya_kale
Na usiichanganye na reli ya Sultani Barghash wa Zanzibar kwenda Chukwani, huko huko Unguja. Ile ni ya mwisho wa miaka ya 1870, ikaanza kwa kukokotwa na nyumbu.