Duka limeniuzia betri ya pili, fundi wao kanifungia moto ndani ya gari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Siku tisa nimejizuia nisiandike kwa hasira, nimeshindwa. Kilo 34 za pweza nimezifukia mchangani kwa mikono yangu, waya umeungua chini ya kiti nilichokalia, na waliopokea pesa yangu wananiambia betri ikishatumika hairudi. Jina la duka silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Nina mkonga, Land Cruiser ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1HZ, na nyuma nimeweka friji la gari la lita 60. Nanunua pweza kwa watu wa Makangale na Msuka, huku Pemba, napeleka Chake, wengine wanapanda boti Mkoani. Mtu wa pwani ataelewa: pweza ni wa bamvua, siku maji yanapotoka mbali. Maji yakikauka watu wanashuka mwambani, na siku hizo mimi hulala hukohuko na gari usiku mmoja, mara nyengine miwili, kama mtu wa dago, kambi ya wavuvi. Injini imezimwa, friji linaenda. Ndiyo maana nikataka betri ya pili. Nilitaka friji lile chakula chake na stata ibaki na chake, asubuhi nigeuze ufunguo niondoke. Basi. Hayo niliyasema dukani kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mafumbo.

Wakaniambia chukua betri ya sola ya AH 100 (ampea-saa 100, yaani kama ampea moja kwa saa 100), "itakwenda siku tatu sheikh wangu, wala usijali". Fundi anakaa barazani pao hapohapo, wao ndio walomwita. Laki nne na themanini, betri na kufunga. Hakuna aliyeniuliza friji linakula ampea ngapi.

Sasa hesabu ambayo wao ndio wangeifanya. Friji kama langu kompresa ikiwa inazunguka inavuta ampea 4 hadi 5. Kwa joto letu, na pweza anaingia bado ana joto la jua, kompresa inafanya kazi zaidi ya nusu ya muda. Siku nzima inakaribia ampea-saa 60. Betri ya risasi na tindikali, hata hiyo ya sola, ukitaka ikae usiishushe chini ya nusu. AH 100 ina 50 za kutumia. Hiyo si siku tatu, haifiki hata siku moja kamili! Mtu anayeuza betri kila siku hajui hili? Au anajua?

Lakini betri ndogo ningeisamehe. Ufungaji siusamehi.

Fundi kachukua waya wa milimita 4 (za mraba), ule wa kufungia nyumba, akautoa kwenye chanya ya N70 yangu kuukuu mbele, betri ya kuwashia gari, akautoboza kwenye bati la dashibodi bila raba, akaupitisha chini ya zulia na kiti mpaka nyuma, akaufunga kwenye chanya ya betri mpya. Hasi kaigusisha kwenye bodi. Kamaliza. Nusu saa. Nikamuuliza, hakuna kitu cha kuzitenganisha? Akanijibu, "Ami, hizi sasa ni betri moja kubwa, nguvu mara mbili."

Ni betri moja kubwa kweli, na hapo ndipo msiba ulipo! Mimi nimelipa zitenganike, yeye kaziunga. Ukiziunga moja kwa moja, friji usiku linanyonya zote mbili sawasawa, ile ya kuwashia inakufa pamoja na ya friji. Juu ya hivyo moja kuukuu na moja mpya: ile dhaifu inaivuta nzima chini hata gari ikiwa imelala uani. Bora ningebaki na betri moja, ningekuwa na akili ya kulizima friji usiku. Hii ya pili imenipa imani ya uongo.

Wiki ya kwanza tu nikaanza kushuku. Friji linakata alfajiri. Nikachukua mita, injini inawaka: mbele volti 14.2, nyuma 13.5. Nikampigia fundi. Akasema betri mpya inahitaji kuzoea. Kuzoea! Waya wa shaba wa milimita 4 kwa urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 30, unapoteza karibu volti 0.66 njiani. Umeme unageuka joto ndani ya waya, betri ya nyuma haipati chaji ya kujaa hata ukiendesha Konde hadi Mkoani na kurudi. Hapo pana kuzoea gani? Waya ni mwembamba, na dawa yake ni waya mnene.

Nikaenda nalo hivyohivyo bamvua lililofuata, na hapo najilaumu. Vumawimbi, usiku wa pili, saa tisa friji likazima. Alfajiri nageuza ufunguo, stata inalia tik moja, kimya. Mita: mbele 10.8, nyuma 10.8. Pacha. Na mchanga wa Vumawimbi si mahali pa kusukuma mkonga, hata muwe watu kumi. Nikakaa mpaka adhuhuri, akaja kijana na pikapu kutoka Konde, tukashtua kwa kebo. Ikawaka. Nikashukuru Mungu, nikapanda.

Haikufika dakika tano nikasikia harufu ya plastiki. Mnajua kilichotokea? Betri ya nyuma ilikuwa tupu, alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, ikaanza kuimiminia kila ilichonacho kupitia kile kiwaya. Kikachemka, ngozi ikalainika, na pale kilipopita kwenye bati bila raba kilikuwa kishachubuka kwa mitikisiko ya njia ya msitu wa Ngezi. Shaba ikagusa bati. Nikazima injini, nikaruka na spana namba 10 nikang'oa taminali ya betri ya mbele. Moshi haukukoma! Ilikuwaje? Waya ule una betri kila upande. Nimekata mbele, nyuma inaendelea kuulisha. Hata betri iliyokwisha haikosi nguvu ya kuunguza waya uliogusa bati. Yule kijana ndiye aliyefungua mlango wa nyuma akaikata taminali ya pili, kachubuka vidole, Mwenyezi Mungu amlipe.

Kwa hivyo nasema kwa sauti, na fundi yeyote wa umeme wa magari Unguja na Pemba anisikie: fyuzi mbili. Moja karibu kabisa na chanya ya betri ya mbele, moja karibu kabisa na chanya ya betri ya nyuma. Fyuzi inalinda waya, na waya huu unalishwa kutoka pande zote mbili. Mimi sikufungiwa hata moja. Fyuzi ni bei ya sahani ya urojo!

Na betri yenyewe ilifungwa kwa nini? Mpira wa baiskeli. Kilo ishirini na zaidi za risasi na tindikali, nyuma ya kichwa changu, kwa mpira wa baiskeli. Tena ni betri ya maji, ambayo ikichajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, haina harufu na inataka cheche moja tu. Imewekwa ndani ninamolala, vioo nimefunga kwa ajili ya mbu. Betri ya namna hiyo mahali pake ni chini ya boneti, na mkonga wangu nafasi ya betri ya pili upande wa pili wa injini ninayo, tupu. Hakutazama hata.

Najua watakuja wa "mbona Land Cruiser nyengine zinatoka kiwandani na betri mbili zimeungwa". Hizo zote mbili ni za kuwashia, ni sawa kwa sawa, na baadhi ya zilizotoka Japani ni za volti 24, betri zimepangwa mfululizo. Ukichomeka friji la volti 12 kwenye betri moja tu ya gari ya volti 24 unaiua ile betri na mwenzake. Si mambo yaleyale.

Na wa "nunua lithiamu, usilie". Naitaka, ni nyepesi na unaitumia karibu yote. Lakini ikitulia inakaa kwenye volti 13.3 hivi, na rilei ya kutenganisha ya kawaida (swichi inayoziunga betri injini ikiwaka na kuziachia ikizimwa) huunga betri ikiona kama 13.3 na huachia ikishuka 12.8. Yaani lithiamu inaidanganya rilei kuwa injini inawaka, haiachii. Inataka chaja yake ya DC kwa DC, inayokaa kati ya betri mbili na kuichaji ya pili kwa volti zake. Gari mpya ambazo alteneta yake inashusha volti kila ikitaka, nazo vilevile. Kwa 1HZ yangu na betri ya risasi, rilei ya kawaida ingetosha kabisa. Kidude cha ukubwa wa kiganja. Wangenambia tu, ningelipa.

Nimekwenda dukani na waya ulioungua mkononi. Mwenye duka kasema waya si wake. Fundi kasema alifanya "kama nilivyotaka". Mbele ya watu. Mimi nilitaka gari lisilowaka asubuhi? Pweza walikaa kwenye jua kali mpaka magharibi, gari likavutwa. Wale kina mama walioshuka mwambani kuwachokoa nimewalipa kutoka mfukoni, kwa sababu wao hawajanikosea.

Jumamosi narudi dukani na sheha wa shehia yangu, na ule waya nauchukua tena. Nataka pesa ya kufungia yote na betri ibadilishwe.

Na ninaomba msaada wa kweli, si pole. Nani anajua Chake au Wete panapouzwa waya wa milimita 25 wa gari, ule wa nyuzi nyingi laini, ikiwezekana uliopakwa bati maana chumvi ya huku inaila shaba mpaka inakuwa kijani? Nataka na vishikio vya fyuzi vya ampea 100 viwili. Kufunga nitafunga mwenyewe kabla ya bamvua lijalo.