Tupeane uzoefu: MRI ya tezi dume, nani kapiga na ilibadilisha nini?

BabaTatu_Tabata
Wakuu, heshima zenu. Nina miaka 57. Kazini waliletwa watu wa kupima afya, nikatoa damu kama wenzangu, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume, kikipanda wanahofia saratani) ikaja 6.8. Dalili sina. Mkojo unatoka vizuri, usiku naamka mara moja, na hiyo ni chai tu. Daktari wa kwanza anataka nikatwe kinyama cha tezi kwa sindano kikapimwe saratani, moja kwa moja. Wa pili kasema tulia, rudia PSA, kisha upige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, tujue kama kuna pa kukata. Waliopita hapa wanisimulie. Habari za mizizi na mbegu za maboga niachieni, mashemeji wameshanimwagia za kutosha.

Kidagaa_Mchungu
Kidole cha daktari huko nyuma ulishapigwa lakini? Au ndicho unachokimbia 😂

BabaTatu_Tabata
Nimepigwa mkuu, kabla sijamaliza kuona aibu daktari anavua glavu. Hakusikia kigumu chochote.

Mtanga_London
Pole mkuu, karibu chamani. Mimi kilichonipeleka hospitali ni ukoo: baba aliondoka na saratani ya tezi dume, baba mdogo naye. Daktari wangu wa mtaa akaniambia mtu mweusi mwenye historia hiyo hangoji dalili. Huku Uingereza mwanaume mweusi 1 kati ya 4 huupata maishani mwake, wakati kwa wanaume kwa ujumla ni 1 kati ya 8. PSA yangu ilikuwa 5 na ushee. Kidole safi, kama chako.

Zamani hapo ningelazwa ubavu wachome sindano kumi, kumi na mbili, kupitia njia ya haja kubwa. Ultrasound inawaonyesha tezi ilipo, ila uvimbe mdogo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo wanachoma kwa kugawa maeneo na kuomba Mungu. Sindano ikipita pembeni ya uvimbe, unarudi nyumbani ukiamini uko salama. Tangu 2019 mwongozo wa NICE, chombo kinachotoa miongozo ya matibabu huku, ni MRI kwanza, kinyama baadaye. Kuna utafiti ulichangia sana, PRECISION, ulitoka 2018 na ulikuwa na wanaume 500. Waliotangulizwa MRI, saratani ya kutibiwa ilipatikana kwa 38%, waliochomwa kwa mtindo wa zamani 26%. Na katika hao wa MRI, 28% hawakuchomwa kabisa.

Ripoti ya MRI inakuja na alama ya shaka ya saratani, PI-RADS, kuanzia 1 hadi 5. Moja na mbili shaka ni ndogo, tatu ni katikati, nne na tano lazima mtu akae chini na daktari. Yangu ilikuwa 4: doa la milimita 9, kushoto, upande wa nyuma. Daktari akanigeuzia skrini nilione mwenyewe, kivuli cheusi kwenye eneo jeupe. Kinyama kikachukuliwa kupitia msamba, njia ambayo maambukizi yake ni machache, na sindano zikaelekezwa palepale penye doa. Majibu Gleason 3+4, yaani saratani ipo, ya ukali wa kati. Nikachagua upasuaji.

Sasa nisiwafiche. PSA leo haisomeki, namshukuru Mungu. Lakini miezi ya mwanzo nilivaa pedi. Ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua begi, kitu kinachuruzika. Mama watoto alikuwa ananunua zangu na za binti yetu kwenye kapu moja, mwenye duka hana habari. Mambo ya chumbani yamerudi nusunusu, dawa ipo inasaidia. Haya ulizeni mapema, kabla hamjasaini karatasi.

Sumaku
Mimi nafanya kazi chumba cha MRI hapa Dar. Naongezea kidogo, maana watu wanafika bila kujua wanachokuja kupigwa.

Hakikisha fomu imeandikwa MRI ya tezi dume. Ikiandikwa nyonga tu, utapigwa picha za jumla na doa dogo litapotea humo. Ya tezi dume ina seti tatu. Ya kwanza inaonyesha umbo. Ya pili inaangalia maji yanavyotembea ndani ya nyama: penye saratani seli zimebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili jioni, maji hayapati pa kupita, basi kwenye seti hii panang'aa. Ya tatu ni baada ya dawa ya mshipani, ndiyo maana tunadai kipimo cha figo kwanza. Vituo vingine vinaruka hii ya tatu, siyo lazima wawe wamekosea.

Ukiwa umeshakatwa kinyama, sema. Damu iliyobaki inachafua picha, hivyo husubiriwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu nyingine ya kutanguliza MRI. Na PSA ya kurudia, usiende nayo ukiwa na UTI (maambukizi ya mkojo), wala ndani ya siku mbili baada ya kukutana na mama watoto, wala baada ya baiskeli ndefu. Inapanda bure.

Watu wanauliza sana nguvu ya sumaku ya mashine, Tesla 1.5 au 3. Kwangu mimi anayesoma picha ana uzito kuliko mashine. Ulizeni kama amezoea tezi dume.

Mzee_Kasulu
Mimi imeniponya na sindano. PSA 7, MRI ikaonyesha tezi kubwa tu ya uzee, PI-RADS 2. Napewa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo na PSA nairudia, kwa sababu daktari alinieleza wazi kuwa MRI safi siyo hati ya kinga, zipo zinazojificha. Ila mkoani kwetu mashine hakuna, nilisafiri hadi Mwanza, na bima yangu ikakataa kulipa. Nauli, malazi, kipimo, vyote mfukoni. Mnapoandika "piga MRI" mtukumbuke.

Binti_Machame
Shikamooni wazee wangu. Baba yangu alitibiwa mgongo kituo kimoja muda mrefu, dawa ya maumivu tu, diklofenaki juu ya diklofenaki, hakuna aliyewaza PSA. Alipokuja kupimwa ilikuwa zaidi ya 200 na imeshafika kwenye mifupa. Ukifika hapo MRI ya tezi siyo hoja tena, anachomwa sindano za kushusha homoni. Aligoma sindano kwa fedheha. Kilichomlainisha ni kaka kumkumbusha kwamba Mandela aliugua saratani ya tezi dume, akapigwa mionzi 2001 na akaishi hadi 2013. Sasa anauliza mwenyewe tarehe ya sindano.

Nyali_Boy
Hapa Kenya kuna pia PET ya PSMA, shemeji alifanyiwa Nairobi. Unadungwa dawa inayoshika seli za tezi dume popote zilipojificha, kisha mwili mzima unapigwa picha. Zamani watu walikuwa wanapanda ndege hadi India. Lakini hiyo ni ya kujua imesambaa wapi, ukishapatikana nayo. BabaTatu, wewe bado hujafika huko, usikubali kuuziwa.

BabaTatu_Tabata
Nimesoma zote wakuu, asanteni. PSA ya pili 5.9, mkojo hauna maambukizi. MRI nimepangiwa Alhamisi, na fomu nimeikagua: imeandikwa tezi dume.

Fundi_Chang'ombe
Sumaku, mimi nina bamba la chuma la ajali, nyonga ya kulia. Naruhusiwa kuingia?

Sumaku
Mara nyingi ndiyo, ila njoo na karatasi za upasuaji tujue ni chuma gani. Tatizo lako litakuwa picha: chuma kikiwa karibu na tezi kinaharibu ile seti ya pili. Mwambie daktari wako kabla hujalipa.