Wauza makabati ya silaha, hizo "bunduki 10" mnazihesabu vipi?

Wakuu, heshima kwenu. Hasira hii nimekaa nayo tangu wiki iliyopita, leo naimwaga.

Kuna duka moja Kariakoo, jina silitaji kwa sasa, wanauza makabati ya chuma ya kuhifadhia silaha. Katoni imeandikwa bunduki 10. Kijana wa duka naye kwenye WhatsApp akaniandikia bunduki 10. Nikamweleza mahitaji yangu bila kuficha: mimi ni mwindaji, nina shotgani moja ya semi-otomatiki na raifo mbili zenye skopu (darubini ya kulengea), moja ya risasi za .375 na nyingine ya .30-06. Silaha tatu tu, zote zina leseni. Jibu lake: "Mzee wangu, hapo zinabaki nafasi saba, utaweka mpaka miavuli." Nikalipa milioni moja na laki mbili, nikalipa na kirikuu cha kuleta mzigo nyumbani.

Kabati la bunduki 10 limeshindwa kubeba bunduki tatu. Kurudisha hawataki, risiti yao imeandikwa kwa herufi ndogo kule chini kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Nieleze lilivyo ili mwingine asiingie mkenge. Kwa nje lina urefu wa sentimita 145. Ukiliona dukani unasema hili linameza hata mkuki. Ndani sasa, juu kuna rafu ya kuwekea risasi, na hiyo rafu imechomelewa, haitoki. Ukiondoa nafasi inayoliwa na rafu na sponji la chini, kinachobaki ni sentimita 116. Shotgani ya semi-otomatiki yenye mtutu wa inchi 28 ina urefu wa karibu sentimita 126, kwa sababu zile za aina hiyo zina mwili mrefu kuliko za mitutu miwili zinazokunjika katikati. Zile za kukunjika zenye mtutu huohuo zinacheza kwenye 115, na ukitaka unazigawa vipande viwili, unalaza, kazi imeisha. Ya kwangu haigawiki kirahisi hivyo. Nifanyeje, niikate mtutu? Kwanza ni kosa la jinai, halafu ndege nitampiga na nini?

Hizo nafasi 10 nazo ni kichekesho. Ni ubao wa sponji uliotobolewa vijishimo kumi vya kulaza mitutu, kutoka kimoja hadi kingine sentimita sita. Sita! Mkono wa bolti wa .375, kile chuma unachovuta ili kuingiza risasi, peke yake unatokeza ubavuni karibu hizo sita zote. Ukisimamisha .375, imekula nafasi yake na ya jirani. Ukiweka .30-06 pembeni yake, mkono wa bolti unasugua kitako cha mwenzake. Aliyehesabu kumi alikuwa anahesabu fimbo, au vile vibunduki vyembamba vya .22 visivyo na skopu wala chochote, tena vimepangwa kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini.

Kina ndio balaa lenyewe. Bunduki yenye skopu ya lenzi ya milimita 50 ukiipima kuanzia tumbo la magazini hadi mgongo wa skopu unapata unene mkubwa kuliko unavyodhani, kutegemea na kimo cha pete za kufungia skopu. Kabati lina kina cha sentimita 28 ndani, lakini kishikio cha mitutu kimewekwa katikati na si karibu na ukuta wa nyuma. Kwa hiyo bunduki haiegemei, inasimama wima kabisa. Nikigeuzia skopu nyuma, inagusa ukuta. Nikigeuzia mbele, mlango unafunga kwa kusukuma skopu. Nimesema kusukuma. Skopu ambayo nimeilenga kwenye shabaha mpaka mita 100 inapiga ninapotaka, wewe unaniambia niisukume na mlango wa chuma kila jioni? Msimu wa uwindaji unaanza Julai, mtu yuko mbele ya nyati aliyejeruhiwa, risasi inaenda pembeni kwa sababu ya mlango wa kabati. Hivi wanaotengeneza vitu hivi wamewahi kushika bunduki yenye skopu, au waliiona kwenye sinema tu?

Najua kuna watakaosema, "Mkuu, si ungejaribu kwanza dukani." Nijaribu na nini? Nipite Mtaa wa Kongo na .375 begani, katikati ya wauza mitumba? Hakuna mtu mwenye akili anayebeba silaha kwenda kuijaribia kabati sokoni, na muuzaji analijua hilo vizuri, ndiyo maana anajiandikia namba anayotaka. Yule kijana alinionyesha kwa mpini wa fagio. Sitanii wakuu, aliingiza fagio, akafunga mlango, akaniambia "umeona?"

Kinachofaa, na hili ndilo nataka mtu aondoke nalo hapa: chukua boksi gumu la friji au la TV, laza silaha yako juu yake ikiwa tupu, ichore nzima kwa kalamu, skopu na magazini vikiwemo, halafu kata. Hapohapo bandika kipande kinachotokeza ubavuni mahali pa mkono wa bolti. Sanamu hiyo ya boksi unaweza kuibeba hata kwenye daladala, hakuna atakayekutazama mara mbili. Chora ile ndefu kuliko zote na ile nene kuliko zote, nyingine zitafuata. Ukifika dukani ingiza boksi, funga mlango. Muuzaji akinuna, umeshajua.

Tuje kwenye chuma. Tangazo lilisema "chuma kizito". Nimeazima kaliperi, kile kifaa cha kupimia unene, kwa fundi, nimepima ukingo wa mlango: milimita 1.2. Hiyo ni geji 18, bati la kabati la ofisini. Waingereza, ambao sheria yao ya silaha ni kali, wana kiwango chao cha makabati ya silaha, BS 7558 cha mwaka 1992, na kule chuma kinachokubalika kinaanzia milimita 2. Hata Wamarekani wanaonunua masefu yenye alama ya RSC (sefu la usalama wa nyumbani) ya UL, shirika lao la kupima bidhaa, wajue kwamba alama hiyo ya daraja la mwanzo inathibitisha sefu lilihimili dakika 5 za mtu mmoja na vifaa vya mkono. Dakika tano tu, tena hilo ni sefu lililopimwa maabara. Hili langu la geji 18 sijui nilipe dakika ngapi. Mwenye mtarimbo haongezi hata ya pili, maana upenyo wa mlango unaingiza kidole.

Kama huna kaliperi, tumia mizani. Bati la chuma la mita moja ya mraba, kwa kila milimita moja ya unene, lina karibu kilo 8. Kabati la ukubwa wa hili langu lina eneo la mita za mraba 2.6 hivi. Lingekuwa la milimita 2 lingekaribia kilo 41 bila rafu wala kitasa. Hili vijana wawili walilishusha kwenye kirikuu huku mmoja anaongea na simu.

Kitasa ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Ni cha namba, cha betri, na pembeni kuna kifuniko cha plastiki, chini yake tundu la ufunguo wa dharura. Rafiki yangu naye alinunua hapohapo kabati la toleo hilohilo. Jumamosi alinitembelea, tukawa tunalinganisha, akatoa ufunguo wake wa dharura. Ukafungua la kwangu. Nikachukua wangu, jioni tukaenda kwake, ukafungua lake. Sasa niambieni, kila aliyenunua pale Dar nzima ana ufunguo wa silaha zangu? Nilipompigia yule kijana akanijibu, "Mzee, si unakaa nao mwenyewe huo ufunguo?" Kijana wa watu hakuelewa hata kosa liko wapi.

Na silaha ikiibwa hapa, atakayehojiwa si yeye. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye leseni ndiye anayebeba msalaba: alihifadhi wapi, alifunga vipi, nani mwingine alikuwa na ufunguo. Utajibu nini, kwamba funguo ziko nyingi mjini?

Kuhusu kufunga ukutani, nipite haraka. Matundu mawili tu, yote mgongoni, ya boliti nyembamba. Nyumba zetu nyingi ni tofali za bloku, zikitobolewa zinamomonyoka, boliti ya kutanua inazunguka tu humo ndani. Unataka matundu manne, na angalau mawili yawe sakafuni ambako kuna zege la kweli. Kabati lisilofungwa chini linaangushwa kifudifudi au linabebwa zima, na hili langu nimeshawaambia wanaolibeba hata jasho hawatoki.

Halafu sisi wa pwani tuna adui mwingine ambaye watu wa Arusha hawamjui vizuri: unyevu. Ndani limebandikwa zulia kwa gundi, na nyuma ya zulia kuna bodi ya jipsamu ili waandike "haliungui dakika 30". Jipsamu yenyewe karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani yake, na moto ukija ndiyo hayo maji yanatoka kama mvuke na kupoza. Sawa, kwenye moto inasaidia. Ila kipande cha bati chembamba, bodi, zulia na sponji, vyote vimefungiwa kwenye chumba kisicho na hewa hapa Kigamboni, vinashika unyevu kama matambara. Nilijaribu kuweka .30-06 peke yake siku chache. Mahali mtutu ulipogusa sponji pameota kutu ya rangi ya chungwa, duara kabisa, kama mtu kagonga muhuri. Nimeitoa kwa mafuta na pamba ya chuma laini kuliko zote, lakini ule weusi wa mtutu umebaki na kidonda.

Kwa hiyo mnunuzi wa pwani aangalie kama kuna tundu la kupitishia waya, aweke fimbo ya joto dogo ya umeme. Umeme wenyewe mnajua unavyokatika, basi na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu viwemo, unavikausha kwenye oveni kila vikinywa maji. Mtutu upakwe mafuta. Na tafadhali, bunduki isihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi wala begi la sponji humo kabatini. Ngozi na unyevu wake inakula chuma taratibu, unakuja kushtuka msimu umefika.

Sasa nimeamua kwenda kwa mafundi wa Gerezani. Pleti ya milimita 3, urefu wa ndani sentimita 145 bila rafu ya kuchomelewa, upana 50, kina 45. Kwa hesabu ile ile ya kilo, linakuja karibu kilo 80 tupu, na hapo bado kitasa. Makomeo yatoke pande zote za mlango hadi upande wa bawaba, maana bawaba za nje zinakatwa na grinda na kama hakuna komeo upande huo mlango unatoka wenyewe. Ufunguo wa meno pande mbili, wa kitasa cha levo (vibamba vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo), hakuna betri. Kishikio cha mitutu kiwe cha kusogezwa, nafasi za sentimita 12, na si kumi, nne zinanitosha. Kisanduku cha risasi kiwe na kitasa chake na ufunguo wake mwingine kabisa. Bolti za raifo nitazitoa na kuzifungia kwingine, hiyo ni tabia nzuri hata ukiwa na sefu la benki. Bei niliyopewa imezidi ile ya Kariakoo kwa laki tatu tu. Na fundi nimemwambia ni la kuhifadhia hati za viwanja, hahitaji kujua zaidi, na kile kishikio cha mitutu nitakifunga mwenyewe nyumbani.

Kwa wenye makabati tayari, naomba mniandikie vipimo vya ndani, si vya nje, na unene wa chuma kama mmeupima, na kama ufunguo wenu wa dharura uko chini ya kifuniko cheusi cha plastiki chenye skrubu moja. Nataka kujua tuko wangapi. Picha za silaha zenu msiweke, wala mtaa mnaokaa.

Jumatatu narudi pale dukani na rafiki yangu, kaliperi na funguo zote mbili. Wakikataa tena kurudisha hela, naenda Tume ya Ushindani na jina la duka naliweka hapa hapa. Mwenye kujua utaratibu wa kufungua malalamiko kule aje PM.