Mnatuuzia sauti ya studio, tunaisikilizia kwa wufa ya Bluetooth

Wadau, kila wiki swali ni lile lile: "Nichukue usajili gani wa muziki?" Na kila wiki majibu ni yale yale: "Chukua ule wenye sauti ya juu kabisa." Hakuna hata mmoja anayemuuliza mwenzake anasikilizia nini! Spika gani, waya au hewani, Wi-Fi au bando? Mnamtuma mtu dukani bila kumwuliza anapika nini.

Tuanze na sebuleni. Wufa ya kawaida ya Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, ina Bluetooth, redio, tundu la fleshi, na nyuma matundu mawili ya waya, jekundu na jeupe. Hiyo Bluetooth mara nyingi inajua kodeki (njia ya kubana sauti ipite hewani) moja tu, SBC, na SBC ikijitahidi sana inapitisha kilobiti kama 328 kwa sekunde. Sauti ya CD isiyopunguzwa ni kilobiti 1,411. Kwa hivyo simu inavuta wimbo mzima kutoka kwenye intaneti, inaufungua, halafu inaubana upya ndipo upite hewani. Umeleta ndoo nzima ya maji, mlangoni ukachotewa kikombe. Hata LDAC, kodeki nyingine iliyo kwenye simu nyingi za Android, inaishia 990, na ni lazima spika nayo iijue. Wufa nyingi haziijui.

Usiniamini, angalia mwenyewe. Unganisha simu ya Android na wufa, cheza wimbo. Nenda Mipangilio, Kuhusu simu, gonga nambari ya muundo mara 7. Rudi nyuma, fungua chaguo za wasanidi programu, shuka hadi kodeki ya sauti ya Bluetooth. Ukikuta SBC, ule mjadala wa "sauti safi kuliko zote" haukuhusu mpaka ubadilishe njia ya sauti.

Na njia yenyewe si ghali. Waya wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Simu haina tundu la hedifoni? Ongeza adapta ya USB-C. Sauti ya simu pandisha karibu na mwisho, kisha punguza kwenye wufa. Ukifanya kinyume, simu chini na wufa juu, unapata mvumo ule wa "zzzz" halafu unalaumu kampuni ya muziki. Njia nyingine ni Chromecast, kile kidude cha kuchomeka kwenye TV, au TV yenye programu ya muziki, TV ikiwa imeungwa na wufa kwa waya: hapo TV inavuta wimbo yenyewe kwa Wi-Fi na simu inabaki kuwa rimoti tu. Mtu akipiga simu, muziki haukatiki.

Sasa njoo barabarani, ambako pesa ndiko zinakoibwa. Hesabu ni rahisi: ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula MB 144 kwa saa. Kilobiti 160 ni MB 72. Kilobiti 96 ni MB 43. Sauti isiyopunguzwa ya kiwango cha CD, hata ikikunjwa kwa FLAC (faili inayobana sauti bila kupoteza kitu), hucheza kwenye MB 400 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Mtu wa Rongai, nje kidogo ya Nairobi, anayekaa kwenye matatu saa tatu kwa siku, kwenda na kurudi, siku 22 za kazi: kwa 320 anakula karibu GB 9.5, kwa 96 hafiki GB 3, kwa FLAC ni kama GB 26. Ishirini na sita! Kwenye matatu yenye spika zake zinazopiga muziki wa dereva, huku masikioni una vile vidude vya Bluetooth.

Apple Music iliweka sauti isiyopunguzwa bila kuongeza bei tangu Juni 2021, na watu wakashangilia "ni bure". Bure kwa nani? Bando analipa nani?

Basi fanyeni hivi na mniache nipumue. Kwenye mipangilio ya programu, ubora wa data ya simu usiuache "otomatiki", maana mtandao ukiwa mzuri unapanda wenyewe. Ufunge kwenye 96. Ubora wa kupakua uweke 320, na ile swichi ya kuruhusu kupakua kwa data ya simu uizime kabisa. Zima video fupi zinazozunguka nyuma ya wimbo. Zima pia uchezaji wa kujiendeleza, la sivyo albamu ikiisha inaanza kuvuta nyimbo ambazo hukuziomba. Halafu pakua usiku kwa Wi-Fi. Wimbo wa dakika nne kwa 320 ni MB 9.6, nyimbo 500 hazifiki GB 5. Simu ya GB 32 iliyojaa video za WhatsApp itakataa, hilo nalo si kosa la usajili.

#2
Umesahau wanaogombana nyumbani. Akaunti ya mtu mmoja hucheza sehemu moja kwa wakati. Mama akibonyeza kwa TV, wewe huku kwa matatu unanyamaziwa. Spotify wana kifurushi cha wawili na cha familia cha hadi watu sita, lakini wote wawe wanaishi anwani moja. Gawanyeni bei kwa vichwa kabla ya kulia kwamba ni ghali. Mkishakuwa watatu, kila mtu kulipa kivyake hakuna maana.

#3
Na fleshi? Wufa ina tundu la fleshi, gari la mzee lina tundu la fleshi. Nimelipia, nimepakua, sasa niambieni faili iko wapi.

Mwenye uzi
#3, faili haiko. Ulichopakua kimefungwa kwa ufunguo wa programu, hakisomeki nje yake. Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na usajili ukikatika nyimbo zinafungwa zote, hata zile 500 ulizopakua usiku kucha. Ndiyo maana malipo ya kadi iliyounganishwa na M-Pesa ni mtego: siku ya makato salio likipungukiwa hata na bob kumi, unaweza kurudishwa kwa matangazo. Weka pesa siku moja kabla. Wa fleshi anataka MP3 yenyewe, na hapo Mdundo, iliyoanzia hapa hapa Nairobi, inamfaa kuliko majina makubwa yote.

#2, kweli tupu, na kabla hamjagawana andikeni nyimbo ishirini ambazo nyumba yenu inapiga kweli. Benga ya zamani, zilizopendwa, za Kikamba, za kanisa la nyanya. Zitafuteni moja moja kipindi cha majaribio. Programu ikikosa nane kati ya hizo, iacheni, hata iwe na nyimbo milioni mia.

Ila jameni, kufuta programu kwenye simu SI kukatiza usajili! Makato yanaendelea. Ulilipia kupitia Google Play, fungua Play, gusa picha yako, malipo na usajili, halafu usajili, ukatize hapo. Ulilipia kwenye iPhone, ni mipangilio, jina lako, usajili, na uwe umefanya hivyo angalau saa 24 kabla ya siku ya makato. Ulilipia kwa tovuti, rudi kwa tovuti hiyo hiyo. Play haitakuonyesha kitu.