Tupeane uzoefu: ujumbe wa kosa uliowahi kukuacha njia panda

Habari za humu wakuu. Nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Juzi kaja mama mmoja kutoka Tukuyu na Coaster ya alfajiri. Siku mbili amehangaika na fomu kwenye simu. Kila akiweka namba ya NIDA anapata maandishi mekundu: "Invalid input". Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ndiyo wamenikataa?"

Namba aliinakili vilevile ilivyo kwenye kitambulisho, na vistari vyake. Fomu ilitaka tarakimu 20 tupu. Basi! Wangeandika "Weka tarakimu 20 bila vistari", asingepoteza nauli. Iliniuma sana. Nanyi yamewakuta yapi?

Mdau, Mafinga: Mimi ilinila hela. Nalipa ada ya mtoto, ikaja "504 Gateway Timeout". Nikajua imegoma, nikabonyeza tena. Imekatwa mara mbili, na kurudishiwa ilichukua wiki tatu. Baadaye mpwa wangu ndiye akanielewesha: 504 maana yake seva ya katikati imesubiri jibu la seva ya nyuma yake mpaka muda ukaisha. Kumbe malipo yanaweza kuwa yamepita! Hapo mtu aambiwe, "Usilipe tena, angalia kwanza salio lako."

Wakala, Makambako: Kwangu ni "Huduma haipatikani kwa sasa". Kiswahili safi, ila mteja amesimama kwenye baridi, nimwambie asubiri au aende?

Mdau, Iringa: Poleni sana ndugu zangu. Mimi naandika programu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya programu ziwe rahisi kutumia, alishaliweka hili kwenye kanuni zake 10 za kazi hiyo mwaka 1994: lugha ya kawaida, tatizo litajwe, suluhisho lipendekezwe. Tunaisoma chuoni, halafu ujumbe tunaandika usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi kazi. Siku hizi nampigia mama simu nimsomee. Akiuliza "kwa hiyo nifanye nini?", naandika upya. Hizo namba za kosa ningezitoa kabisa.

Mwanzisha mada: Usizitoe mkuu. Ziweke chini kwa maandishi madogo, mteja akipiga huduma kwa wateja awe na cha kuwasomea. Na kwako, NIDA yenye vistari inapita?

Mdau, Iringa: Nimejaribu sasa hivi. Haipiti. Naandika iviondoe yenyewe, mtu asisumbuliwe kabisa.