Begi la mgongoni kwa anayekwenda kazini kwa pikipiki kila siku: lipi linafaa?

Mkazi wa Mbezi Mwisho (swali)

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaishi Mbezi Mwisho na ninafanya kazi Posta, hivyo siku tano au sita za wiki ninapita Barabara ya Morogoro kwa pikipiki yangu aina ya Boxer 150, zaidi ya kilomita 20 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mgongoni hubeba kompyuta mpakato ya inchi 15.6 na chaja yake, madaftari mawili, shati la kubadilisha, chupa ya maji ya lita moja, hotipoti ndogo ya chakula cha mchana na kufuli la chuma la kufungia gurudumu.

Begi nililokuwa nalo ni la kawaida la wanafunzi wa chuo, nalo limenitia hasara mara mbili. Mara ya kwanza, katika masika yaliyopita, mvua ilinikuta Kimara na sikupata mahali pa kujikinga hadi Manzese. Nilipofika ofisini maji yalikuwa yamepenya kwenye zipu, na vitufe vya kompyuta havikufanya kazi tena. Mara ya pili mkanda wa bega la kushoto ulichomoka kwenye mshono nikiwa karibu na Ubungo, begi likaning'inia upande mmoja na kunivuta, nikayumba huku lori likiwa nyuma yangu. Mungu alininusuru.

Sasa nimetenga shilingi 120,000 na sitaki kukosea tena. Naomba mnisaidie katika mambo haya: je, begi lenye kava la mvua linatosha, au nitafute lisilopitisha maji kabisa? Je, mabegi ya mtumba ni ya kuaminika kuliko mapya ya bei hiyo? Nimeonyeshwa pia begi gumu lenye umbo la gamba la kobe, na muuzaji akanihakikishia kwamba linakinga uti wa mgongo nikianguka. Je, ni kweli?

Mwendeshaji wa Tegeta

Pole sana kaka kwa yaliyokupata. Mimi nina miaka kumi na moja nikienda mjini kwa pikipiki kupitia Barabara ya Bagamoyo, na kosa ninaloliona kwa wengi ni kujaribu begi wakiwa wamesimama mbele ya kioo cha duka. Ukiwa umesimama begi hukaa vizuri. Ukikaa kwenye siti na kuinama kidogo kushika usukani, kitako cha begi kinagusa siti na kusukumwa juu, na ncha yake ya juu inafika kwenye helmeti. Hapo ndipo unapogundua kwamba huwezi kuinua kichwa kutazama mbali wala kugeuza shingo kuangalia gari linalotoka pembeni. Nenda dukani na pikipiki yako, mwombe muuzaji akuruhusu kuvaa begi likiwa na mzigo wako halisi ndani, kaa juu ya pikipiki ukiwa na helmeti kichwani, kisha geuza kichwa kushoto na kulia. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kipimo changu ni hiki: kitako cha begi kiguse siti kwa wepesi, ili siti isaidie mabega kubeba uzito bila kulisukuma begi juu. Kwa vitu ulivyovitaja, begi la lita 20 hadi 25 linatosha. Begi la lita 35 au 40 litakushawishi kuongeza vitu, na likiwa nusu tupu upepo utalipuliza kama tanga. Kumbuka kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo; ukitoka kilomita 40 kwa saa kufika 80, inakuwa mara nne. Ndiyo maana begi pana lisilo na mikanda ya kulibana pembeni halikusumbui kwenye foleni ya Mwenge, lakini likikutana na upepo wa lori linalokupita barabara ikiwa wazi, linakutikisa mwili mzima.

Mkanda wa kifuani ni wa lazima, kwa sababu huizuia mikanda ya mabega isiteleze nje unaponyoosha mikono. Mkanda wa kiunoni ni mzuri pia, ila usipoufunga usiuache uning'inie. Ncha zote za mikanda zikunjwe na kufungwa kwa mpira au zishonewe, maana mkanda mrefu ukifika kwenye spoki au mnyororo ni hatari ileile tunayoijua kwa kanga na mabaibui ya abiria.

Fundi Mabegi, Manzese

Ndugu yangu, hapo Ubungo ulipokatikiwa mkanda mimi sikustaajabu, kwa sababu kila wiki naletewa mabegi yaliyochomoka mahali palepale. Mabegi mengi ya bei ndogo yana mkanda wa bega ulioingizwa kwenye mshono mmoja wa juu, na uzi mmoja tu ndio unaoshika uzito wote. Kwa mtembea kwa miguu unaweza kudumu; kwenye pikipiki kila tuta na kila shimo ni mvuto wa ghafla juu ya uzi huo. Geuza begi utazame ndani, penye maungio ya mikanda. Begi zuri lina kipande cha utepe mzito kilichopita juu ya kitambaa cha mgongo, kikashonwa mraba wenye msalaba katikati, na mshono umerudiwa mara nyingi penye ncha. Ukikuta uzi mmoja uliopita mara moja, liache. Kama ni begi unalolipenda, mpelekee fundi aliongezee mshono kwa uzi wa nailoni kabla hujalitumia, si baada ya kuchanika.

Kuhusu mtumba, jibu langu ni ndiyo, lakini kwa uangalifu. Katika masoko kama Karume hupatikana mabegi ya kupandia milima na ya wafanyakazi wa ofisi ambayo yameshonwa vizuri kuliko mengi mapya ya bei yako. Tatizo lake halionekani kwa nje. Vitambaa hivyo hupakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliuretani ndio uzuie maji, na utando huo huharibiwa polepole na joto na unyevunyevu, hata begi likikaa kabatini bila kutumika. Hapa Pwani tuna joto na unyevunyevu mwaka mzima. Fungua begi, pitisha kidole ndani, kisha linuse: ukikuta linanata, lina harufu kali ya uchachu, au vinabanduka vigamba vyeupe, utando umekufa, na hakuna fundi atakayeurudisha. Linaweza kubaki begi imara, lakini usilihesabu kuwa linazuia maji.

Zipu ndilo jambo la pili, nalo wateja hulipuuza. Tazama nyuma ya kichwa cha zipu; mara nyingi kuna namba kama 5, 8 au 10, ambayo ni karibu upana wa meno kwa milimita zipu ikiwa imefungwa. Kwa mfuko mkubwa wa begi la pikipiki mimi sikubali chini ya 8. Namba 5 iachie mifuko midogo. Vumbi ndilo linalokula zipu zetu, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili isugue kwa mswaki mkavu, kisha pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno. Usipake mafuta ya kupikia, kwa kuwa yanashika mchanga na kuukaza.

Kitambaa chenye alama ya 600D (D ni kipimo cha uzito wa uzi) ni cha kawaida, na cha 1000D ni kizito na hustahimili msuguano zaidi. Nailoni ni ngumu kuchanika kuliko poliesta yenye uzito uleule, ila poliesta huvumilia jua vizuri zaidi. Kwa mtu anayeegesha pikipiki na kuingia na begi ofisini, tofauti hiyo si kubwa. Mshono na zipu ndizo zinazoamua.

Sasa mvua. Kava la mvua hufunika upande wa nje wa begi na pande zake, lakini sehemu inayogusana na mgongo wako hubaki wazi. Ukiendesha kwenye mvua ya masika, maji hushuka kutoka kwenye shingo ya koti, hupita kati yako na begi, huingia kwa hapo, kisha hukusanyika kitakoni kwa sababu kava lenyewe linayazuia yasitoke. Zaidi ya hayo, upepo hulipeperusha kava lisilo na kamba ya kupita tumboni mwa begi. Kava linafaa kwa manyunyu. Kwa mvua ya Kimara hadi Manzese unahitaji begi la turubai la PVC ambalo maungio yake yameunganishwa kwa joto badala ya kushonwa, na mdomo wake hukunjwa mara tatu kabla ya kufungwa kwa klipu. Hilo ni zuri mno kwa mvua, lakini mgongo utalowa jasho, na shati lenye unyevu ukiliweka ndani litabaki na unyevu hadi jioni.

Mimi ninachowashauri wateja wangu ni njia ya kati: begi la kitambaa lililoshonwa vizuri, na ndani yake mfuko wa pili usiopitisha maji kwa ajili ya kompyuta na karatasi peke yake. Zamani watu waliizungushia kompyuta mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo ilikuwa inatoboka upesi. Tafuta mfuko wa PVC wa kukunja mdomo, wa aina wanayotumia watu wa boti kuhifadhi simu na nguo. Upime kwa kuujaza hewa, kuufunga na kuuzamisha kwenye ndoo ya maji; ukitoa mapovu, urudishe.

Dada wa Mwenge

Nimewasoma kaka zangu, na naongeza jambo ambalo limenigusa mwilini. Mwaka juzi niliteleza kwenye mchanga uliomwagika barabarani, nikaanguka chali kwa mwendo mdogo sana. Ndani ya begi nilikuwa na kufuli kama hilo la ndugu muuliza swali. Liliingia kati yangu na lami, na kwa wiki kadhaa sikuweza kulala kwa mgongo. Daktari aliyenihudumia aliniambia kwamba lingekuwa sentimita chache pembeni lingeukuta uti wa mgongo.

Tangu siku hiyo hakuna chuma kinachokaa mgongoni mwangu. Kufuli, spana na pampu vinafungwa kwenye keria au chini ya siti. Hotipoti nayo ni kitu kigumu, tafadhali itoe humo. Kompyuta ikae bapa karibu na mgongo, shati likae nyuma yake, na maji yasiwe katika mfuko mmoja na kompyuta.

Kuhusu begi gumu la gamba la kobe, ganda la plastiki peke yake si kinga. Kinga halisi za mgongo za waendesha pikipiki hupimwa kwa kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1621-2, na namba hiyo huandikwa kwenye lebo ya kinga yenyewe pamoja na daraja lake. Daraja la 1 linaruhusu wastani wa kilonyutoni 18 (kipimo cha nguvu) zipenye katika kipimo cha kupigwa, na daraja la 2 linaruhusu 9 tu, kwa hiyo la 2 ndilo bora. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba hiyo. Asipoweza, umenunua umbo. Hata likiwa na lebo, begi huweza kusogea mwilini unapoanguka, na ndiyo sababu mimi ninavaa kinga ndani ya jaketi na begi juu yake.

Jambo la mwisho: kaka wa Tegeta hakugusia usiku. Begi jeusi hufunika kizibao chako chote chenye mistari ya kuakisi mwanga, na dereva aliye nyuma haoni kitu. Shonea utepe wa kuakisi mwanga kwenye begi lenyewe.

Mwendeshaji wa Tegeta

Dada yangu ana haki, nilisahau, na ni kosa kubwa kulisahau. Nakubaliana naye pia kuhusu kufuli.

Mhasibu wa Kigamboni

Mimi nilichoka na begi nikafunga sanduku kwenye keria. Mgongo umepumzika na mvua haiingii, lakini tahadhari ni mbili. Sanduku lililo nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, likijazwa sana, hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na usukani unaanza kuchezacheza. Vilevile mtikisiko wa keria ni mkali kuliko wa mgongo wa binadamu. Kompyuta za zamani zenye diski inayozunguka huumia, na hata za kisasa naziwekea sponji nene chini na pembeni. Kompyuta ningeiacha mgongoni, na vitu vizito na vigumu ningevitia sandukuni.

Mkazi wa Mbezi Mwisho

Nawashukuru sana. Jumamosi nilifanya kama mlivyonielekeza: nilijaribu mabegi manne nikiwa juu ya pikipiki, na matatu yaligonga helmeti, likiwemo lile la gamba la kobe, ambalo pia halikuwa na lebo yoyote ya EN 1621-2. Nimenunua la mtumba la lita 22, zipu namba 10, ndani halinati wala halinuki, kwa shilingi 45,000. Kufuli na hotipoti nimevihamishia kwenye sanduku dogo la keria. Limebaki swali moja kwa fundi: mkanda wa kifuani haupo kabisa. Je, unaweza kuongezwa bila kudhoofisha mikanda ya mabega?

Fundi Mabegi, Manzese

Unaweza, ndugu yangu. Fundi wako asitoboe mkanda wa bega katikati penye sponji. Ashone utepe mwembamba kwa urefu kwenye kingo za mkanda, kisha apitishe klipu inayoteleza juu yake ili uweze kuupandisha na kuushusha. Mkanda wa kifuani uwe chini kidogo ya mfupa wa shingo, usikubane koo unapoinama. Mwambie aongeze na mshono wa mraba kwenye maungio ya juu wakati begi liko mezani kwake, na utepe wa kuakisi mwanga aliousema dada, upana wa sentimita tano, upite katikati ya begi na kitakoni, pale ambapo taa za gari lililo nyuma hufika kwanza.