Tupeane uzoefu: kuwaandaa walezi wa kujitolea wanaowakuza wasichana katika uongozi

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, naomba tupeane uzoefu juu ya namna tunavyowaandaa watu wazima wanaojitolea kulea wasichana katika uongozi, iwe ni katika Girl Guides (chama cha skauti wa kike), klabu za shuleni au vikundi vya sharika na misikiti. Tunahangaika sana kuwakusanya wasichana na kuwapangia shughuli, kisha mlezi tunamkabidhi daftari la mahudhurio na kumtakia kazi njema. Mimi husaidia kuendesha mafunzo ya walezi hapa Arusha, na msimamo wangu ni kwamba kazi ya kwanza ya mafunzo hayo ni kumzoeza mtu mzima kuyaacha maamuzi mikononi mwa wasichana, ingawa wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mkubwa akiwepo ndiye msemaji. Girl Guides, iliyoanza Uingereza mwaka 1910 na kuingia Tanganyika mwaka 1928, imejengwa juu ya vikundi vidogo, kila kimoja na msichana anayekiongoza. Mlezi akiamua kila kitu, kiongozi huyo hubaki na cheo tu.

Tuna zoezi moja ninalolithamini kuliko mengine. Walezi huketi kwenye madawati kama wanafunzi, na mmoja wao husimama mbele na kuuliza, kwa mfano, siku ya usafi tuanzie wapi, kisha haruhusiwi kutamka neno lolote mpaka ajibiwe. Ukimya wa nusu dakika humtesa mtu mzima kupita kiasi, na wengi hulijibu swali lao wenyewe. Baada ya hapo tunawauliza waliokaa kwenye madawati walijisikiaje walipopokonywa nafasi ya kufikiri, na mazungumzo yanayofuata huwa na faida kuliko somo lolote ninaloweza kulitoa ubaoni. Je, kwenu mnafanyaje?

Mwalimu mlezi, Moshi:
Namwunga mkono mtoa mada. Tulipopanga kuwapeleka wasichana kwenye maporomoko ya Materuni, bajeti waliiandika wenyewe. Kiongozi wa kikundi, binti wa kidato cha pili, alikuwa na karatasi aliyoichana kwenye daftari, upande mmoja nauli, upande wa pili chakula, na hakukumbuka kiingilio wala ujira wa mwongoza njia. Mlezi wetu mpya aliliona pengo hilo mara moja, lakini alichosema ni hiki: «Nani kati yenu amewahi kufika huko? Hebu mwulizeni ni vitu gani mgeni hutakiwa kuvilipia.» Msichana mmoja anayeishi Uru akaeleza, hesabu ikafanywa upya, chipsi zikaondolewa na mihogo ikachukua nafasi yake. Mlezi ambaye hajafunzwa angeichukua karatasi ile na kuirekebisha kwa nia njema kabisa, na yule binti asingejifunza kwamba anaweza kukiuliza kikundi chake.

Muuguzi, Njiro:
Naomba mafunzo yasiishie kwenye uongozi peke yake. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo karibu wasichana wetu wote wamo, na msichana anapomwamini mlezi humweleza mambo mazito: ndugu anayemsumbua nyumbani, au bodaboda anayempa lifti kila siku na sasa anadai malipo. Mlezi afundishwe mapema kusikiliza bila kuhojihoji, kutoahidi kwamba ataificha habari hiyo, kuyaandika maneno kama yalivyosemwa, na kuyafikisha kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure, na kila mlezi anapaswa kuijua. Vilevile mazungumzo ya faragha yafanyike mahali ambapo watu wengine wanawaona. Mimi nisingemruhusu mtu yeyote aanze kulea kikundi kabla hajalipitia somo hili, hata kama ni mtu anayeheshimika sana mtaani.

Mama mlezi, Ngaramtoni:
Walezi wengi ni akina mama wafanyabiashara. Mafunzo yakiwekwa Jumamosi asubuhi, mtu hupoteza mauzo yake na bado hujilipia nauli. Wenye kupanga ratiba watufikirie.

Dada mlezi, Majengo, Moshi:
Shikamooni. Mimi nililelewa katika kikundi na sasa ninalea wengine, na ninaloliona limesahaulika ni wazazi. Tangu Machi 2021 Rais wetu ni mwanamke, na wazazi hulitaja hilo mara kwa mara, lakini binti akitoa wazo tofauti mezani nyumbani huambiwa kwamba kikundi kimemharibu. Mzazi mmoja alinijia akiwa amekasirika kweli. Nilimweleza kwamba bintiye ataendelea kuamkia wakubwa na kuwatii, na kwamba tunamfundisha kusema «mimi naona tofauti, na sababu yangu ni hii» kwa sauti ya adabu. Kisha nikamwalika aje aketi nyuma wakati wasichana wanajadili. Alikuja, na baadaye akawaleta jirani zake. Walezi wafanyishwe mazoezi ya mazungumzo kama hayo, mmoja akiwa mzazi na mwingine mlezi, kwa sababu binti akizuiwa nyumbani hatakuwapo kikundini.

Mtoa mada:
Asanteni sana. Mama wa Ngaramtoni, nitawaomba wenzangu tuhamishie mafunzo Jumapili alasiri na tutenge nauli kwanza kabla ya kununua vifaa. Dada wa Majengo, naomba utuandikie hapa maswali ambayo wazazi hukuuliza zaidi, ili tuyatumie katika mazoezi hayo.